Wake in Fright, Picnic at Hanging Rock au Long Weekend: Ipi Uirudie Kwanza?

Mtu anayetaka kurudi kwenye sinema za kutisha za Australia za miaka ya 1970, au anayezikaribia kwa mara ya kwanza, hachelewi kukutana na majina matatu: Wake in Fright ya mwaka 1971, Picnic at Hanging Rock ya 1975 na Long Weekend ya 1978. Shida yake huanzia hapo. Zote husifiwa kwa maneno yaleyale na huwekwa kwenye kundi moja la filamu za kutisha, ilhali hakuna hata moja yenye mzuka, jini au muuaji aliyejibanza nyuma ya mlango. Mtazamaji aliyezoea kushtuliwa kwa mlio wa ghafla anaweza kuketi mbele ya yoyote kati ya hizo kwa nusu saa nzima akijiuliza hofu yenyewe itaingilia mlango gani. Nimezirudia zote tatu hivi karibuni, moja baada ya nyingine, na nimeona wazi kwamba moja haishiki nafasi ya nyingine. Anayeipenda hii anaweza kuichukia ile kabisa, na anayeanza na isiyomfaa huenda asipate hamu ya kuzitazama mbili zilizobaki.

Vigezo

Sikutumia kigezo cha ipi inatisha zaidi, kwa sababu mshtuko ni kitu cha mara moja: ukishajua kitisho kitatokea upande gani, hakikushtui tena. Nimezipima kwa mambo matano. La kwanza ni aina ya hofu, yaani inatoka kwa nani au kwa nini. La pili ni nchi yenyewe, kwa kuwa katika filamu hizi ardhi ya Australia haikuwekwa nyuma ya wahusika kama pazia, bali inashiriki. La tatu ni yale yanayoweza kumkera au kumuumiza mtazamaji, ambayo ni haki yake kuyajua kabla hajaketi. La nne ni mwendo, urefu na lugha. La tano, ambalo kwangu ni zito kuliko yote, ni kile kinachobaki mtu anapoirudia filamu akiwa tayari anajua inavyoishia. Miisho yenyewe sitaitaja.

Visa kwa ufupi

Wake in Fright iliongozwa na Mkanada Ted Kotcheff, huyuhuyu aliyekuja kuongoza filamu ya kwanza ya Rambo mwaka 1982, na inatokana na riwaya ya Kenneth Cook iliyotoka mwaka 1961. John Grant ni mwalimu kijana katika shule ya chumba kimoja nyikani, na serikali imemfunga kwa dhamana ya dola 1,000, hivyo hawezi kuiacha kazi kabla ya muda wake. Likizo ya Krismasi inapofika anapanda treni hadi mji wa machimbo wa Bundanyabba, akiwa na nia ya kulala hapo usiku mmoja tu na kesho yake kupanda ndege ya Sydney, aliko mpenzi wake. Usiku huo mmoja unazaa siku kadhaa.

Picnic at Hanging Rock, iliyoongozwa na Peter Weir kutokana na riwaya ya Joan Lindsay ya mwaka 1967, inaanzia katika shule ya bweni ya wasichana iitwayo Appleyard College, jimboni Victoria. Siku ya Wapendanao, tarehe 14 Februari 1900, wanafunzi wanapelekwa mandari kwenye mwamba wa Hanging Rock. Mchana wasichana wanne wanapanda mwambani. Mmoja anarudi mbio akipiga mayowe, watatu hawarudi, na mwalimu wao wa hisabati naye anatoweka.

Long Weekend iliongozwa na Colin Eggleston na kuandikwa na Everett De Roche, mwandishi aliyeandika pia Patrick, Roadgames na Razorback. Peter na Marcia ni mume na mke wa mjini ambao ndoa yao imeoza kimyakimya, na wanafunga safari ya kupiga kambi ufukweni mbali na watu. Njiani Peter anatupa dirishani sigara inayowaka na kumgonga kangaruu gizani. Wakishafika anakata mti bila sababu ya maana na kufyatua bunduki ovyo. Baada ya hapo pori linaanza kujibu.

Hofu inatoka wapi

Hofu ya Wake in Fright inatoka kwenye ukarimu, na sijui filamu nyingine iliyouchambua ukarimu kwa ukali kama huu. Tazama kwa makini kikao cha kwanza cha baa. Polisi wa mji, Jock Crawford, anamkaribisha Grant bia. Anaimaliza ya kwake kwa mkupuo mmoja, anaiweka glasi tupu kaunta, kisha anasimama pale akimtazama mgeni wake kwa tabasamu hadi naye amalize, na mara hiyohiyo anaagiza nyingine. Hapigi kelele wala hatishi mtu. Polisi huyo aliigizwa na Chips Rafferty, ambaye kwa miaka mingi sura yake ilikuwa ndiyo sura ya Mwaustralia mwema wa mashambani. Hii ilikuwa filamu yake ya mwisho, na alifariki mwaka huohuo wa 1971. Watazamaji wa kwao walimwamini kabla hajafungua kinywa, nao mtego ulikuwa hapo. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bundanyabba hakuna anayetoa jembe. Kinachotolewa ni glasi nyingine, na kuikataa ndiyo tusi pekee ambalo mji mzima hausamehi.

Kutoka baa Grant anapelekwa kwenye chumba cha kamari ambako wanaume wamezunguka mtu mmoja anayerusha juu sarafu mbili kwa kibao cha mti. Chumba kinavuma kwa kelele hadi sarafu zinapoondoka kwenye kibao, kisha macho yote yanazifuata hewani. Grant anashinda, anarudi chumbani kwake, anazimwaga noti kitandani na kupiga hesabu: ushindi mmoja zaidi na dhamana imelipwa, amekuwa huru. Anarudi na kupoteza kila senti. Jambo linalotisha ni kwamba hakuna aliyemwibia. Watu wote aliokutana nao usiku ule walimtendea wema.

Picnic at Hanging Rock inatumia hofu ya kutojua, na inaijenga kwa vitu vidogo sana. Saa ya dereva wa gari la farasi imesimama kwenye saa sita kamili mchana; mwalimu wa hisabati anaitazama ya kwake, nayo imesimama palepale. Keki ya Wapendanao inakatwa kwa kisu kirefu, na muda mfupi baadaye kamera inashuka majanini kuwaonyesha siafu wakiwa juu ya makombo. Hakuna kinachotokea katika picha hizo, ila mwili unahisi kuna jambo. Hofu nzito zaidi inakuja baadaye, pale mwamba ulipokwisha kuwachukua waliochukuliwa na shule inaanza kumomonyoka. Wazazi wanawaondoa watoto wao, ada hazilipwi, na mwalimu mkuu Bi Appleyard anaanza kuimalizia hasira yake kwa Sara, yatima asiye na mtu wa kumtetea.

Long Weekend inatumia hofu ya hatia, na hapa mtazamaji wa pwani yetu ana faida ambayo hata Waaustralia wengi hawana. Usiku, kutoka upande wa bahari, kinasikika kilio kama cha mtoto mchanga. Mchana Peter anaona umbo jeusi majini, anadhani ni papa, anachukua bunduki na kulipiga risasi. Mawimbi yanaleta ufukweni mzoga wa nguva, na kilio kile kinaendelea, kwa sababu ni cha mtoto wake aliyebaki peke yake. Kila Peter anapoutazama tena ule mzoga, anauona uko karibu zaidi na kambi kuliko alivyouacha. Kwa mtu aliyekulia Lamu, Mafia, Kilwa au kwenye delta ya Rufiji, nguva si mnyama wa kigeni aliyebuniwa na mwandishi wa sinema. Ni mnyama ambaye wavuvi wa jarife waliwahi kumkuta nyavuni mara nyingi na ambaye siku hizi haonekani ila kwa nadra, na jina lake lenyewe ndilo tunalompa yule mwanamke nusu samaki wa hadithi. Kilio kile usiku, kwetu, kina historia nyuma yake.

Nchi yenyewe

Kotcheff anafungua filamu yake kwa kamera inayogeuka polepole duara zima: uwanda mkavu hadi macho yanapoishia, reli moja, jengo la shule upande huu, baa upande ule, kisha uwanda tena. Kabla neno halijasemwa umeshaelewa kwamba hakuna pa kwenda. Picha nyingi zilipigwa Broken Hill, mji wa machimbo ya fedha, risasi na zinki magharibi mwa New South Wales, na joto lake linaonekana kwenye ngozi za waigizaji. Kuna pia picha moja fupi ndani ya treni ambayo ni rahisi kuipita: Waaustralia weupe wanakunywa na kuimba upande mmoja wa behewa, na Mwaustralia wa asili ameketi peke yake, mbali nao, kimya. Filamu haisemi lolote juu yake wala hairudi kwake.

Hanging Rock ni mahali halisi, karibu na Mlima Macedon, na ni masalia ya volkano ya miaka kama milioni 6 iliyopita. Wenyeji wa asili wa eneo hilo wanalo jina lao la mwamba huo, Ngannelong, ambalo filamu hailitaji. Weir anawaleta kwenye jiwe hilo wasichana waliofungwa nguo za kubana kifua na glavu nyeupe, ambao wameruhusiwa kuvua glavu pale tu gari litakapokwisha kuupita mji wa Woodend, na anaiacha tofauti hiyo ijieleze. Mmoja wao anasema mwamba umengoja miaka milioni kwa ajili yao tu. Anasema kwa furaha, kama mtoto aliyeona zawadi yake, na sentensi hiyo haisikiki vilevile tena baada ya saa moja ya filamu. Mpiga picha mkuu Russell Boyd alitandaza kitambaa cha shela ya bi harusi mbele ya lenzi, na ndiyo sababu mwanga wote unaonekana kama wa ndoto ya mchana. Kazi hiyo ilimpatia BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza.

Katika Long Weekend nchi haina uzuri wa kupigwa picha wala ukubwa wa kutisha. Ni vichaka, mchanga na njia ya gari isiyoeleweka, na watu wa baa ya karibu wanasema ufukwe huo hawaujui. Usiku gari linazunguka na kuupita mti uleule zaidi ya mara moja. Kuku wa barafu waliyemleta kwa chakula anaota ukungu haraka kuliko inavyopasa. Eggleston hakuwa na haja ya mwamba wa kale, kwani kichaka cha kawaida na watu wawili wasiopendana vilimtosha.

Yanayoweza kukukera

Hapa tofauti ni kubwa mno, na naomba msomaji asiruke sehemu hii. Wake in Fright ina uwindaji wa usiku wa kangaruu ambao ni wa kweli. Wanyama unaowaona wakipigwa risasi wanakufa, kwa kuwa watengenezaji wa filamu walifuatana na wawindaji wenye leseni waliokuwa wakifanya kazi yao, na maelezo juu ya jambo hilo yamewekwa mwishoni mwa filamu. Sehemu hiyo ni ndefu, inachukiza, na ilikusudiwa kuchukiza. Kuna pia usiku mmoja kati ya Grant na Doc Tydon, daktari mlevi anayeigizwa kwa ustadi wa ajabu na Donald Pleasence, ambao filamu inauacha nusu gizani. Mtu aliyewahi kudhulumiwa kimwili anapaswa kujua kwamba upo. Na mtu anayepambana na pombe, au aliyekulia katika nyumba ya mlevi, atazame akiwa na mwenzake au aiache kabisa.

Picnic at Hanging Rock ni nyepesi kuliko zote kwa damu na nzito kwa namna nyingine. Kijana wa sekondari anaweza kuitazama na wazazi wake bila mtu kugeuza uso. Kinachouma ni unyama wa taratibu anaotendewa Sara, na kero kuu, kwa wengi, ni kutopewa jibu. Najua watu wenye akili timamu waliokasirika hadi wakadai wameibiwa saa mbili za maisha yao.

Long Weekend inakaa katikati. Wanyama wengi wanaumizwa ndani ya hadithi, kuna lugha chafu, na kuna ugomvi mkali wa mume na mke juu ya mimba iliyotolewa. Ugomvi huo ndio unaobeba filamu, na waigizaji John Hargreaves na Briony Behets hawauchezi kwa upole.

Mwendo, urefu na lugha

Long Weekend ndiyo fupi zaidi, kama saa moja na nusu hivi, na ndiyo rahisi kuifuata kwa kuwa karibu muda wote wahusika ni wawili. Wake in Fright inakaribia saa moja na dakika 50 na haina dakika inayolala, ila Kiingereza chake ni cha baa za machimboni, chenye lafudhi nzito na maneno ya mitaa ya wakati ule. Hata anayekijua Kiingereza vizuri atafaidika kuwasha maandishi ya chini ya picha.

Picnic at Hanging Rock inataka maelezo zaidi kidogo kwa sababu ipo katika matoleo mawili. Toleo la 1975 lina kama dakika 115. Mwaka 1998 Weir alilirudia na, kinyume na desturi ya waongozaji wanaoongeza picha zilizoachwa, yeye alipunguza dakika kama 7. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza napendekeza hilo fupi, na kwa anayerudia napendekeza refu, alinganishe mwenyewe. Kwa vyovyote mwendo ni wa polepole, na muziki wa filimbi za mianzi za Mromania Gheorghe Zamfir unafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na maneno. Nawaza mara nyingine filamu hizi zingekuwaje katika vibanda umiza vyetu, sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya kila kitu. Wake in Fright ingepata wateja, na yule mtafsiri angefurahi sana kwenye kile chumba cha kamari. Picnic at Hanging Rock ingekufa kabla ya keki kukatwa, maana utisho wake umo ndani ya ukimya ambao mtafsiri analipwa kuujaza.

Zote tatu zimetengenezwa upya: Long Weekend mwaka 2008, Wake in Fright kama tamthilia fupi ya televisheni mwaka 2017, na Picnic at Hanging Rock kama tamthilia ya sehemu 6 mwaka 2018. Hakikisha mwaka ulioandikwa kabla ya kubonyeza, vinginevyo utajikuta umetazama kitu kingine ukadhani umeijua filamu yenyewe.

Ukiirudia

Wake in Fright nusura isirudiwe na mtu yeyote. Haikuvuma Australia ilipotoka. Kuna kisa kinachosimuliwa na mwigizaji Jack Thompson, aliyekuwamo katika filamu hiyo mwanzoni mwa kazi yake, cha mtazamaji aliyesimama ukumbini akapinga kwamba hao si sisi, na Thompson mwenyewe akamjibu aketi, ni sisi. Baadaye nakala mama ya filamu ikapotea. Mhariri wake, Anthony Buckley, aliitafuta kwa miaka hadi ikapatikana Pittsburgh, Marekani, mwaka 2004, katika masanduku yaliyokwisha kuandikwa kwamba ni ya kuteketezwa. Ikasafishwa, na mwaka 2009 ikaonyeshwa tena kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ilikokuwa imeonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1971. Kwa hiyo nakala nzuri unayoiona leo ni ile iliyookolewa ukingoni mwa tanuri.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilimhurumia mwalimu na kuuchukia mji. Nilipoirudia huruma ilipungua. Mara ya pili unaona jinsi Grant anavyoitazama glasi anayopewa, anavyojibu kwa ncha ya ulimi, anavyojiona ameelimika mno kuwa pale, na unaona pia kwamba mlango ulikuwa wazi muda wote. Hakuna aliyemfungia. Filamu inakuwa kali zaidi kwa sababu hiyo, na pia inachosha zaidi. Mimi sidhani nitaitazama mara ya tatu karibuni, na hilo si dosari yake.

Picnic at Hanging Rock ndiyo inayobadilika kuliko zote. Mara ya kwanza mtu huitazama kama mpelelezi, akihesabu dalili: saa zilizosimama, mwalimu aliyeonekana akipanda mwamba bila sketi yake, tarehe. Hata tarehe yenyewe ina mchezo wake. Maandishi ya mwanzo yanasema ilikuwa Jumamosi, ilhali kwa kalenda halisi tarehe 14 Februari 1900 ilikuwa Jumatano, na bado wapo wanaoamini kisa kilitokea kweli. Mara ya pili unaacha upelelezi, na macho yanahama kutoka kwa waliopotea kwenda kwa waliobaki. Unagundua kwamba Sara, aliyekatazwa hata kwenda mandari, ndiye ambaye filamu ilikuwa ikimwandama tangu asubuhi ile. Ipo sura ya mwisho ya riwaya iliyoondolewa kabla ya kuchapishwa na kutolewa mwaka 1987, baada ya Joan Lindsay kufariki, inayosimulia kilichotokea mwambani. Ushauri wangu ni kuitazama filamu mara mbili kabla ya kuitafuta sura hiyo, na ukiisoma usishangae ukitamani usingeisoma.

Long Weekend ina mapengo ambayo haki inanitaka niyataje. Baadhi ya mashambulizi ya wanyama yamezeeka, na kuna mazungumzo ambayo waigizaji wanayapigia kelele pale ambapo sauti ya chini ingetosha. Hata hivyo inalipa kurudiwa kwa namna yake. Dakika zake za mwanzo, ambazo mara ya kwanza huonekana kama safari tu, mara ya pili zinasomeka kama daftari la madeni: sigara, kangaruu, takataka, mti, risasi. Kila kitu kimeandikwa humo, na kuanzia hapo filamu haifanyi lingine ila kudai. Uhodari wa De Roche ni kwamba hakuna kitendo hata kimoja cha Peter ambacho mtu wa kawaida hajawahi kukifanya, au kumwona jirani yake akikifanya, siku ya mapumziko ufukweni.

Uchague ipi, kwa hali yako

Ikiwa huu ni usiku wa wageni wengi, wenye umri tofauti, na hutaki mtu aondoke amechukia, Picnic at Hanging Rock ndiyo salama zaidi. Sharti lake ni kwamba uwaambie mapema wasingoje jibu, na simu ziwekwe mbali. Ikiwa wageni hao ni watu wa kuzungumza juu ya sauti ya filamu, basi chagua Long Weekend, ambayo haiharibiki mtu akisema neno, na kwa kweli huwafanya watu waanze kugombea nani kati ya mume na mke ana makosa zaidi.

Mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na kwao, askari, nesi, au yeyote aliyewahi kuhesabu miezi iliyobaki kwenye kituo asichokipenda ataiona Wake in Fright kwa jicho ambalo mimi sina. Nampendekezea hiyo, ila aitazame akiwa amelala usingizi wa kutosha. Anayependa wanyama asianze nayo. Huyo pia ajihadhari na Long Weekend, ingawa filamu hiyo iko upande wa wanyama tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa anayesomea upigaji picha au utengenezaji wa filamu, swali hutegemea bajeti anayoifikiria. Akitaka kuona mwanga unavyobeba hadithi, aende kwa Boyd na shela yake. Akiwa na waigizaji wawili, gari moja na ufukwe, Long Weekend itamfundisha mengi. Na akitaka kujifunza kumtia mtazamaji jasho kwa glasi ya bia na sura inayotabasamu, kile kikao cha kwanza cha baa katika Wake in Fright kinastahili kutazamwa mara tano mfululizo bila kuendelea mbele.

Mkazi wa pwani aliyewahi kusikia wazee wakisimulia habari za nguva aanze na Long Weekend, aitazame usiku, na sauti iwe juu kidogo kuliko kawaida.

Na kwa aliyeazimia kuzitazama zote tatu, ushauri wangu ni Picnic at Hanging Rock kwanza, Long Weekend ifuate, Wake in Fright iwe ya mwisho, kila moja kwa siku yake. Mtu anayechoka haraka na filamu za polepole anaweza kuzibadilisha mbili za kwanza. Ile ya mwisho ibaki mwisho, na isiwe Ijumaa ambayo baada yake kuna marafiki wanaokungoja mahali kwa ajili ya raundi moja tu.